Nuru Iliyopotea na Nuru Iliyopotea Njia

Leo twaomba mtuazime masikio kwa habari ya nuru. Hatutasema habari za jua na mwezi, ambazo kila mtu amekwisha zisikia, bali habari ya nuru ipitayo katika maji, na jinsi wataalamu wanavyopima kufifia kwake, na kosa moja lililojificha ndani ya kipimo hicho, na njia wanazozitumia kulisahihisha. Jambo hili lawahusu hasa wale wakaao kando ya maziwa na mito na kula samaki wake, lakini twaanza nyumbani.

Mtu akiketi ndani ya nyumba ya makuti wakati wa adhuhuri, na paa lina tundu dogo, huona mshale wa nuru ukishuka kutoka tunduni hata sakafuni. Wote tumeuona. Lakini mbona twauona? Nuru ile yashuka chini, haiji machoni petu. Sababu yake ni vumbi. Kila chembe ya vumbi ipigwayo na nuru huitupa nuru kidogo pande zote, na ile iliyotupwa upande wetu ndiyo tuionayo. Kama hewa ingalikuwa safi kabisa, tungaliona tundu likiwaka juu na doa likiwaka chini, na katikati yake giza tupu. Bingwa mmoja wa Ireland aliyefundisha London, jina lake John Tyndall, alilionyesha jambo hili mbele ya watu mwaka 1870. Alipitisha mshale wa nuru kali katika chumba chenye giza, kisha akaweka ndimi za moto chini yake. Pale juu ya moto, mahali pasipokuwa na vumbi tena, mshale ulionekana kama umekatwa, na weusi wa giza ukasimama katikati ya nuru.

Basi shikeni neno hili: nuru tuionayo ubavuni ni nuru iliyoiacha njia yake.

Sasa twaeni bilauri mbili zilizo sawasawa, na maji safi, na chai ya rangi iliyochujwa vizuri kwa kitambaa ikapoa, na maziwa kidogo, na tochi. Katika bilauri ya kwanza tieni maji na chai. Katika ya pili tieni maji na tone moja la maziwa, kisha ongezeni kidogo kidogo, hata tochi ikitazamwa kupitia bilauri hii ionekane imefifia kama ifinyikavyo kupitia ile ya chai. Fanyeni kazi hii usiku, taa zote zimezimwa. Mtu atazamaye kwa mbele, tochi ikiwa nyuma ya bilauri, atasema kwamba bilauri zote mbili zimepunguza nuru sawasawa, wala hatakuwa amesema uongo. Lakini na asimame ubavuni. Bilauri ya chai itakuwa na giza, na bilauri ya maziwa itang'aa yote kama kioo cheupe cha taa.

Chai imeimeza nuru. Nuru hiyo imekwisha, imegeuka joto, nalo ni kidogo hata kidole hakiwezi kulisikia. Maziwa hayakuimeza, yameitupa kando, na nuru ingali hai, ila imepotea njia. Kwa mtu aliyesimama mbele, hasara ni moja. Kwa mtu atakaye kujua kilichomo ndani ya bilauri, hizo ni hasara mbili zisizofanana hata kidogo. Katika mazungumzo haya tutaiita hasara ya kwanza kumezwa, na ya pili kutawanywa, na jumla ya hasara zote mbili tutaiita kufifia.

Watu walianza zamani kupima kufifia kwa nuru. Mfaransa Pierre Bouguer alitoa kitabu mwaka 1729, akaeleza kwamba kila unene ulio sawa wa kitu huondoa, si kiasi kilicho sawa cha nuru, bali sehemu iliyo sawa ya nuru iliyoufikia. Tuseme maji fulani hupitisha nuru 60 katika kila 100 kwa mita moja. Baada ya mita mbili hazibaki 20, kama mtoto wa shule awezavyo kudhani kwa haraka, bali hubaki 36, maana zile 60 nazo zimepunguzwa kwa kadiri ile ile. Na baada ya mita tatu hubaki 21 na kitu. Bouguer hakuwa na mtambo wa kupimia nuru ila macho yake mwenyewe, akilinganisha mwanga na mwanga, nasi twastaajabu kwamba aliipata kanuni hiyo kwa njia dhaifu kama hiyo. Mwaka 1852 August Beer, Mjerumani, aliendeleza kanuni hiyo kwa maji yenye rangi, akaonyesha jinsi wingi wa dawa iliyoyeyuka ndani yake unavyoongeza hasara. Tangu hapo vyumba vya uchunguzi duniani pote hutumia kanuni ya mabwana hawa kila siku, kupima damu, dawa, maji na mafuta.

Kanuni ni njema. Lakini ndani yake mna sharti ambalo wengi hulisahau: nuru ikiisha kuiacha njia, isihesabiwe tena. Hapo ndipo palipo na mwiba.

Mtambo wa kupimia kufifia kwa nuru majini ni kitu kisicho na fumbo. Una taa upande mmoja, na upande wa pili una jicho la umeme, yaani kitu kigeuzacho nuru kuwa umeme ili hesabu yake isomeke. Katikati yao maji hupita kwa nafasi iliyopimwa, mara nyingi sentimita 10 au 25. Mtambo hujaribiwa kwanza kwa maji yaliyosafishwa kabisa, ili ijulikane taa inatoa nuru kiasi gani, kisha huteremshwa ziwani au baharini kwa kamba. Hata jua la mchana lisilodanganya jicho la umeme, taa hufanywa iwake na kuzimika upesi upesi. Kile ambacho jicho linakiona taa ikiwa imezimika ni nuru ya nje, nayo huondolewa katika hesabu. Hilo la jua ni kosa jepesi, halihitaji maneno mengi. Kosa gumu ni lile la nuru ya taa yenyewe.

Tutumie mfano wa mbuzi. Tajiri mmoja amepeleka mbuzi 100 mnadani kwa njia nyembamba ipitayo porini. Mbuzi 20 wameliwa na chui (hatusemi ni chui mmoja). Mbuzi 40 wameiacha njia, wakifuata majani huku na huku. Mbuzi 40 wamekwenda moja kwa moja wasigeuke. Langoni pa mnada amesimama karani ahesabuye. Lakini lango lile ni pana, na katika wale 40 walioiacha njia wako 12 waliojitenga hatua chache tu, wakatembea sambamba na wenzao vichakani, wakaingia langoni pamoja nao. Karani ameandika 52. Tajiri akiisoma karatasi husema, "Walioiacha njia, kwa kuliwa na kwa kupotea, ni 48." Kweli yenyewe ni 60.

Karani hakuiba, wala hakukosa kuhesabu. Lango ndilo lililomdanganya. Akipewa lango pana zaidi ataandika 58, akipewa jembamba ataandika 44, na mbuzi ni wale wale, na pori ni lile lile. Hapo twapata kuuona ubaya wake. Kipimo cha maji chapasa kueleza maji. Kipimo hiki chaeleza maji na lango pamoja, wala asomaye hawezi kuvitenganisha asipojua upana wa lango.

Upana huo hupimwa kwa digrii. Nyosheni mkono mbele, mkitazama ncha ya kidole kidogo cha mwisho. Upana wa kidole hicho, kwa umbali huo, ni karibu digrii 1. Mitambo mingi itumiwayo baharini ina lango la karibu kadiri hiyo. Msikilizaji atasema: digrii moja ni nini? Nuru iliyopinda kadiri ya kidole kimoja yaweza kuwa nyingi kiasi cha kuharibu hesabu? Naam, yaweza. Mwaka 1972 Theodore Petzold wa California alitoa vipimo vya jinsi maji ya bahari yanavyotawanya nuru, akipima pembe kwa pembe. Katika maji machafu ya bandari ya San Diego, karibu nusu ya nuru yote iliyotawanywa ilikuwa imepinda chini ya digrii 5. Maji hayatupi nuru pande zote sawasawa kama mkulima atupaye mbegu. Chembe za tope na mimea midogo ya majini ni kubwa kuliko wimbi la nuru, ambalo kwa rangi ya kijani ni kama nusu ya sehemu ya elfu ya milimita. Na chembe iliyo kubwa kuliko wimbi huisukuma nuru iliyo nyingi mbele, ikiipinda kidogo tu. Kadiri chembe inavyozidi ukubwa, ndivyo nuru iliyopotea njia inavyozidi kuambatana na ile iliyonyoka. Basi maji yenye chembe kubwa ndiyo yamdanganyayo karani kuliko maji mengine.

Mwaka 2009 Emmanuel Boss na wenzake walitoa habari ya mitambo minane, yenye malango ya upana wa namna nne, ambayo waliilinganisha mahali mbali mbali. Jibu lilikuwa moja kila mahali: lango likiwa jembamba, kufifia huonekana kukubwa, lango likiwa pana, kufifia huonekana kudogo. Tena walisema kwamba tofauti hiyo haisimami mahali pamoja, hata mtu aweze kuisahihisha kwa kuzidisha kila mara kwa tarakimu moja. Yabadilika kwa kadiri ya chembe zilizomo. Kwa hiyo sisi twaona kwamba mtu atoaye hesabu ya kufifia kwa nuru bila kutaja upana wa lango lake ametoa nusu ya habari. Na mtu alinganishaye maji ya mwaka huu yaliyopimwa kwa mtambo mmoja na maji ya mwaka wa jana yaliyopimwa kwa mtambo mwingine, huenda akalia au akafurahi bure.

Dawa ya kwanza, basi, ni kulifanya lango kuwa jembamba. Mbele ya jicho la umeme huwekwa kioo cha kukusanya nuru, na nyuma yake kibati chenye tundu dogo mno. Nuru iliyonyoka hukusanyika mahali pamoja ikapita tunduni. Iliyopinda huangukia kando ya tundu, ikazuiwa na kibati. Mnaweza kuufahamu mwendo wake kwa kuitazama tochi kupitia bilauri ya maziwa, kwanza kwa macho tu, kisha kupitia mrija mrefu wa karatasi nyeusi. Kwa macho mtaiona tochi pamoja na wingu la nuru kuizunguka. Kwa mrija wingu laondoka, tochi yabaki.

Mtu atauliza, mbona basi tundu lisifanywe dogo kupita kiasi, kosa likaisha? Ni kwa sababu tundu dogo nalo lina udhia wake. Mahali ambapo maji ya moto na maji ya baridi yanachanganyika, nuru hupindishwa kidogo na maji yenyewe, kama hewa ya juu ya moto ichezeshavyo sura ya mtu aliye ng'ambo. Hapo nuru iliyonyoka hukosa tundu, na mtambo huandika kwamba maji ni machafu, hali ni safi. Kwa hiyo wataalamu huchagua upana wa kadiri, kisha huikadiria kwa hesabu ile nuru iliyobaki kuingia kwa kosa, wakitumia vipimo vya mtawanyiko wa nuru katika maji ya namna ile.

Hata sasa tumesema juu ya mtu atakaye kujua wangapi walioiacha njia. Lakini mara nyingi swali si hilo. Mara nyingi mwenye mbuzi ataka kujua wangapi wameliwa na chui, basi. Hapo mambo yageuka juu chini, na lango pana ambalo lilikuwa adui laonekana kuwa rafiki, maana kila mbuzi aliyepotea njia yapasa arudishwe ahesabiwe, ili wanaokosekana wawe ni walioliwa tu.

Kwa kazi hii hutumiwa mrija wa kioo wenye hewa kuuzunguka kwa nje, na maji hupita ndani yake. Mtu aliyepiga mbizi akatazama juu kwa kando, mbali na pale palipo juu ya kichwa chake, huuona uso wa maji kama kioo cha kujitazamia. Nuru haitoki, yarudi majini. Ndivyo ilivyo katika mrija huu. Nuru iliyopinda kwa chini ya digrii 41 hugonga ukuta wa mrija, ikarudishwa ndani, ikaenda mbele hata kuifikia jicho la umeme, ambalo hapa limefanywa kuwa kubwa. Iliyopinda zaidi ya hapo, na ile iliyorudi nyuma, hutoka ikapotea. Katika wale mbuzi wetu 40 waliopotea njia, tuseme mrija huwarudisha 34, na 6 hawaonekani tena. Karani ataandika 74, yaani 40 na 34. Tajiri atasema chui amekula 26. Kweli ni 20. Kosa limepungua lakini halikuisha, tena sasa limeelekea upande wa pili: waliopotea njia wamehesabiwa kuwa wameliwa.

Kuwapata hao 6 kuna hila moja nzuri, nasi twaipenda kuliko zote kwa sababu mtu yeyote aweza kuifahamu. Nuru ina rangi nyingi, na chui hali rangi zote sawasawa. Mimea midogo ya majini humeza sana nuru ya buluu, na nyekundu kwa kadiri. Lakini ile nyekundu ya mwisho kabisa, iliyo mpakani mwa nuru isiyoonekana kwa macho, haimezi ila kidogo sana. Urefu wa wimbi lake ni kama nanomita 715, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Maji matupu huimeza nuru hiyo, ni kweli, lakini hasara ya maji matupu imekwisha kujulikana na kuondolewa tulipojaribu mtambo kwa maji safi. Basi katika rangi hiyo hakuna chui. Mtambo ukionyesha hasara katika nuru ya 715, hasara hiyo haiwezi kuwa ya kumezwa. Ni ya kutawanywa tu. Karani ataandika 94, na zile 6 zinazokosekana ndizo zile zile zinazokosekana katika rangi nyingine. Toeni 6 katika 26, hubaki 20.

Ronald Zaneveld na wenzake wa Marekani waliandika juu ya masahihisho ya namna hii mwaka 1994. Wataalamu hawatoi moja kwa moja kama tulivyofanya, maana hutumia logarithimu ili kanuni ya Bouguer itimizwe, lakini mwendo wa mawazo ni ule ule. Tena huongeza hatua moja. Nuru ya buluu kwa kawaida hutawanywa zaidi kidogo kuliko nyekundu. Basi kama mtambo wa lango jembamba umeonyesha kwamba buluu imetawanywa 48 mahali ambapo nyekundu imetawanywa 40, zile 6 nazo huongezwa kwa kadiri hiyo, zikawa 7 na kitu, kabla ya kutolewa. Kwa hiyo mitambo miwili hufanya kazi kama ndugu, mmoja akipima walioiacha njia na mwenzake akipima walioliwa, na kila mmoja humsahihisha mwenziwe.

Ziko njia nyingine. Mwaka 1954 Kazuo Shibata, Mjapani, pamoja na Andrew Benson na Melvin Calvin wa Marekani, walionyesha kwamba mtu akiweka kioo chenye weupe wa maziwa nyuma ya chupa ya maji yenye chembe, na tena nyuma ya chupa ya maji safi, nuru ya chupa zote mbili hutawanywa sana na kile kioo, hata mtawanyiko wa chembe hauonekani tena kuwa kitu. Ni kama kuwaswaga mbuzi wote porini kwa makusudi, waliokwenda moja kwa moja na waliopotea, kisha kulinganisha hesabu. Njia hii ni ya bei ndogo, nayo yafaa chumbani, si ziwani.

Lakini hila ya nyekundu ya mwisho ina udhaifu wake, na hapa twafika kwetu. Imesimama juu ya neno moja, kwamba hakuna kitu majini kimezacho nuru ya 715. Kwa mimea midogo neno hilo ni karibu na kweli. Kwa udongo mwekundu si kweli kila mahali, maana wekundu wa udongo wetu ni kutu ya chuma, na kutu hiyo huweza kumeza nuru kidogo hata huko mwisho wa wekundu. Wakati wa masika Kagera na Nzoia na Nyando huingia Ziwa Viktoria zikiwa na tope. Tuseme tope hilo limemeza nuru 2 katika rangi ya 715. Karani ataandika 92, nasi tutasema waliopotea njia ni 8, tutoe 8 katika 26, tupate 18. Kweli ilikuwa 20. Tumemwachilia chui mbuzi wawili. Kanuni iliyotungwa kwa maji ya bahari haina budi kupimwa upya kabla ya kuaminiwa mtoni, na mwenye mtambo asiyejua habari hiyo hupata tarakimu nzuri tu, zenye desimali nne, zisizo na kosa lionekanalo.

Na kwa nini tujali mbuzi wawili? Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham na E. B. Worthington walichunguza Ziwa Viktoria kwa ajili ya uvuvi. Katika siku hizo kisahani cheupe kilichoshushwa kwa kamba katika maji ya wazi, mbali na pwani, kilionekana hata zaidi ya mita 5. Kipimo hicho cha kisahani ni cha padre Angelo Secchi, aliyekijaribu katika bahari ya Italia tarehe 20 Aprili 1865, akiwa katika merikebu iliyoongozwa na Alessandro Cialdi. Nacho kingali kinatumika, maana hakihitaji umeme wala fundi. Kufika miaka ya 1990 kina hicho katika Ziwa Viktoria kilikuwa kimepungua kupita nusu. Kisahani kilisema kweli kwamba nuru inafifia. Hakikuweza kusema kwa nini. Kwa kisahani, bilauri ya chai na bilauri ya maziwa ni mamoja.

Tofauti yake ni kubwa kwa watu. Kama nuru yatupwa kando na tope, maradhi yako milimani, katika mashamba yasiyo na matuta na kingo za mito zilizokatwa miti. Kama yamezwa na mimea midogo iliyozidi, maradhi yako katika maji machafu ya miji na mbolea na majivu ya moto yanayoilisha mimea hiyo. Uchunguzi wa ziwani umeonyesha kwamba kuzidi kwa mimea kulikuwa na sehemu kubwa katika kufifia huko. Lakini ghuba kwa ghuba mambo hutofautiana, na mahali panapoingia mto si sawa na mahali panapoingia mfereji wa mji. Anayehesabu nuru iliyopotea njia kuwa imemezwa atailaumu mimea kwa kosa la tope, na wenye kutoa fedha za matengenezo watazipeleka upande usiopasa.

Samaki nao wamo. Wavuvi wa Mwanza wawajua furu, samaki wadogo wa namna nyingi mno, ambao madume yao hupambwa kwa rangi, hawa mekundu, hawa buluu. Majike huchagua dume kwa kutazama rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba mahali penye maji maangavu furu walikuwa wa namna nyingi na rangi kali, na mahali penye maji yaliyofifia namna zilikuwa chache na rangi zimepooza. Maana jike asiyeona rangi hawezi kuchagua kwa rangi. Basi anayetaka kujua furu waona nini katika mita 3 za maji hana budi kujua ni rangi zipi zilizomezwa na zipi zilizobaki. Kumezwa huchagua rangi; buluu hufa mapema, na manjano na nyekundu hubaki. Kutawanywa hakuchagui sana. Asiyetoa hesabu ya waliopotea njia huchanganya mambo hayo mawili, na rangi zote zaonekana kwake kama zimepunguzwa karibu sawasawa, hali furu mwenyewe anaishi katika maji yenye wekundu na giza la buluu.

Liko onyo moja tena kwa walimu watakaojaribu mambo haya shuleni. Yote tuliyoyasema yadhani kwamba nuru imepotea njia mara moja tu. Katika maji mazito ya tope nuru hutupwa kando na chembe moja, ikatupwa tena na ya pili, na ya tatu, na nyingine hurudi njiani kama haikutoka kamwe. Hapo masahihisho yote huyumba. Dawa yake ni kuufupisha mwendo, kutumia sentimita 10 mahali pa 25, au kuyapunguza makali maji kwa kuongeza maji yaliyochujwa. Na njia ya kujua kama hatari hiyo imo ni nyepesi: wekeni nusu ya maji ya tope na nusu ya maji yaliyochujwa, mpime tena. Hasara kwa hesabu ya logarithimu ikishuka kuwa nusu kamili, vema. Isiposhuka hivyo, ongezeni maji safi tena hata ishuke.

Mwisho, wanafunzi waliokwisha kufanya jaribio la bilauri mbili na watie bilauri ya tatu, yenye chai na maziwa pamoja. Waitazame tochi kupitia kwake kwa mbele, kisha ubavuni, kisha kwa mrija wa karatasi, wakiweka kioo chekundu mbele ya tochi na kisha kioo cha buluu. Halafu mmoja wao aliyekuwa nje ya chumba, asiyejua kadiri iliyotiwa, na aseme chai ni matone mangapi na maziwa ni matone mangapi.